Nati za Upande wa Kushoto

Chuma kinaposhikwa na kutu huvimba. Wengi huliona gari lililoliwa wakadhani nati zake zitatoka kwa urahisi kwa kuwa zimechakaa, lakini kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya meno ya bolti, mahali pasipopenya hata unywele, uvimbe huo hubana kuliko mkono wa fundi yeyote aliyepata kuikaza. Haya nimeyajua miezi hii, mimi ambaye kazi yangu ni kuandika mihutasari ya kamati ya msikiti, na ambaye chuoni nilisomeshwa nahau na fiqhi, wala sikusomeshwa nyundo.

Gari lenyewe ni Bedford RL, lori la kijeshi ambalo magurudumu yake yote manne husukuma, aina iliyoanza kuundwa Uingereza katika miaka ya 1950. Baba alilinunua likiwa limekwisha staafu jeshini, akabebea viazi na mbao kutoka Olkokola na Olmotonyi hadi mjini Arusha, kwa njia ambazo wakati wa masika hazikustahili kuitwa njia. Ada zetu za shule zilitoka humo. Mwaka 2004 aliliegesha chini ya mgrevilea nyumbani kwetu Ngaramtoni, na hapo likabaki. Majani yakajaa juu ya chesisi, vumbi la Meru likashikamana nayo, mvua ikafanya yaliyosalia. Tope lile likilowa halikauki upesi, na chuma kilichofunikwa na tope hakipumziki.

Baba sasa haoni, kwa presha ya macho. Mdogo wangu ndiye aliyemleta mnunuzi wa chuma chakavu, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: fedha zilihitajika kwa dawa za baba mwenyewe. Baba alijibu neno moja tu, kwamba gari lake lisikatwe kwa moto wa gesi naye angali anasikia. Kwa muda wa wiki mbili wawili hao walizungumza kupitia kwangu. Nilikaa baina yao kama ninavyokaa vikaoni, ila hapa sikuweza kuandika kuwa ajenda imeahirishwa. Mnunuzi akakubali kusubiri hadi baada ya Idi, nasi tukamwita fundi kutoka Unga Limited atuambie kama kuna la kuokoa.

Fundi huyu hana haraka, nami nadhani hiyo ndiyo nusu ya elimu yake. Alianza kwa brashi ya waya, akasafisha kila bolti hadi meno yakaonekana. Kisha akachanganya asetoni na oili nyepesi ya giaboksi, akadondosha tone kwa tone, akaenda zake. Siku ya pili alirudi akazigonga nati kwa nyundo ndogo pande zote, ili mtikisiko uivunje kutu na kuipa oili njia. Nyingine zilitoka. Zilizogoma alizipasha moto, nati yenyewe kuliko bolti, kwa sababu nati ikipata moto hutanuka na kuachia. Ikiwa bado moto aliigusisha nta ya mshumaa, nayo ikayeyuka na kunyonywa ndani. Mdogo wangu alipouliza kwa nini asitumie nguvu tu, alijibu, “Nabii Daudi alilainishiwa chuma. Sisi wengine tunahitaji moto na subira.” Kabla ya kuwasha chochote, hata hivyo, alilifungua tangi la petroli akalipeleka mbali kabisa na gari, na asiyefanya hivyo asithubutu kazi hii.

Mkasa ulikuwa kwenye magurudumu. Ya kulia yalifunguka. Upande wa kushoto vijana wa fundi walichomeka bomba refu kwenye spana, wakaning'inia wawili, na stadi ikakatika. Wakahamia ya pili, nayo ikakatika. Baba alikuwa kwenye kigoda chake kibarazani.

“Mko upande gani?”

“Kushoto, Mzee.”

“Pitisheni kidole kwenye kichwa cha stadi. Kuna herufi.”

Kweli, chini ya kutu ilikuwapo L. Katika malori mengi ya zamani ya Kiingereza, nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze safarini. Nguvu yote ile ilikuwa ikikaza. Fundi, ambaye kawaida yake ni kuikaza nati kidogo kabla ya kuifungua ili kutu ikatike, alitaka kuanza hivyo hivyo. “Kukaza mmekwisha kaza,” baba akamwambia. Iliyofuata ilitoka kwa mlio mkali mfupi, na mdogo wangu ndiye aliyekwenda kumwekea baba nati ile mkononi.

Injini ilituchukua siku kumi. Tulitoa plagi sita, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukaacha. Kila baada ya Alasiri baba aliongozwa hadi mbele ya gari, akaitikisa hendeli ya kuwashia kwa upole, mbele na nyuma, bila kulazimisha. Siku ya kumi ilisogea upana wa vidole viwili. Kufikia Magharibi ilikuwa imezunguka mzunguko mzima, mikono ya baba na ya mdogo wangu ikiwa kwenye chuma kimoja.

Haijawaka bado. Idi imepita, na mnunuzi aliporudi mdogo wangu alimuuzia bodi ya nyuma, iliyokuwa imeoza isiyofaa, kwa kilo. Fedha yake imetosha dawa za mwezi huu. Dramu ya breki ya nyuma kulia bado imeshika. Baba amesema asiiguse mtu kwa nyundo mpaka yeye awepo.