Ramani ya Msafiri Darasani

Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani zaidi ya milioni 5 waliihama nchi yao kwenda Marekani. Wachapaji wa kwao waliwatengenezea ramani za kukunjwa, za kutia mfukoni, zenye njia za reli, mito ipitikayo kwa meli na miji ya kuteremkia. Siku hizi ramani hizo hununuliwa kama vitu vya kale. Sisi tulipoziona katika picha tulikumbuka kosa letu la zamani, nasi twaliandika hapa kwa ajili ya wenzetu wanaojiandaa kuingia darasani.

Tulikuwa tukifundisha darasa la tano wilayani Kibondo. Tulitundika ubaoni nakala ya ramani ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, moja ya zile zilizotayarishwa Berlin na Paul Sprigade na Max Moisel kabla ya vita vya 1914, tukawaagiza watoto waitafute Buha yao. Mtoto mmoja akatazama sana, kisha akasema, "Mwalimu, sisi hatumo." Tukamkemea kwamba hajui kusoma ramani. Kumbe ameisoma barabara! Ramani ile ilichorwa kwa haja za mtawala na msafara wake, kama vile ya mhamiaji ilivyochorwa kwa haja za mhamiaji.

Wiki iliyofuata tulimwalika mzee mmoja wa kijiji aliyewahi kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Kilosa. Safari yake ya pili alipelekwa na SILABU, chombo cha kuandikia vibarua kilichoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944. Lakini ile ya kwanza alikwenda kwa miguu mpaka Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Tulimwomba achore njia ile mchangani. Akachukua kijiti, akavuta mstari mrefu mno: Kibondo, kivuko cha Malagarasi, Kasulu, Kigoma. Kisha, kutoka Kigoma mpaka Kilosa, zaidi ya kilomita 900, akachora kipande cha shubiri moja.

Tulikwisha kufungua kinywa ili tumsahihishe. Mtoto yule yule akatuwahi: "Babu, mbona huku ni kufupi?" Mzee akajibu, "Huku nilitembea siku nane, mjukuu wangu. Kule nilikaa."

Hapo ndipo somo la skeli lilipoanza, bila sisi kulitangaza. Watoto waliipima ramani ya ukutani kwa rula, wakaipima ya mchangani kwa siku, wakabishana mpaka kengele ikalia. Ukitaka kulijaribu somo hili, usianze na maana ya skeli. Anza na mgeni, na umwonye mapema asiharakishe. Baadaye walizihamishia njia hizo kwenye karatasi ya manila, wakatia alama mahali alipolala, aliponunua muhogo, na aliponyimwa maji (kwa hili la mwisho walibuni alama ya mtungi uliopinduliwa, ambayo hatujaiona katika kitabu chochote).

Msichana mmoja aliomba achore pia njia ya babu yake mwenyewe, ambaye naye alikwenda mkonge. Aliufikisha mstari Kilosa, akauliza arudishe vipi, maana babu hakurudi. Hatukuwa na jibu katika andalio letu la somo. Aliuacha mstari pale pale, akaandika jina lake pembeni.