Kocha aliyeipiga Fiji, malaria ikamuondoa

Huku Mwanza mtu akiamka mwili unauma utasikia "aah, ni malaria tu." Anameza panadol, anaenda zake kwenye mishemishe. Kanda ya Ziwa watu wameizoea kama dagaa.

Benjamin Ayimba wa Kenya alikuwa mtu wa raga, mchezo wa kugongana mwili kwa mwili, na nahodha wa taifa. Alipostaafu akageukia ukocha, na mwaka 2009 akaifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba, kule Dubai.

Ila stori yenyewe ni Singapore, Aprili 2016. Fainali ni Kenya na Fiji, wababe wa mchezo huo. Ikaisha 30-7, Kenya bingwa! Hawakuwahi kushinda mashindano ya mzunguko wa dunia kabla ya siku hiyo. Miezi minne baadaye Fiji haohao wakabeba dhahabu ya Olimpiki kule Rio, ndo ujue vijana wa Ayimba walimpiga nani.

Mei 2021 Ayimba akafariki Nairobi. Malaria ilimpanda kichwani. Alikuwa na miaka 44 tu, na familia ilishaanza kuomba michango ya matibabu.

Kama mwili ule wa raga haukuhimili, wewe na panadol yako unajiamini nini? Ukisikia homa, kapime siku hiyohiyo. Ni tone la damu na dakika chache tu.