Wazee wa Nyumba ya Mungu na Serikali: Kutoka Safari ya Same hadi Simu ya Mkononi

Kwa wazee wa Upare, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kusema na serikali kulimaanisha kwanza kwenda kwa miguu. Mwaka 1945 maelfu ya walipa kodi waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, yalikokuwa makao makuu ya wilaya, kupinga mbiru, yaani kodi iliyokadiriwa kwa kadiri ya mali na kipato cha mtu na kuongezwa juu ya kodi ya kichwa, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakitaka wasikilizwe. Kodi hiyo hatimaye ilifutwa, na mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Upare, aliiandikia harakati hiyo kitabu. Waliobaki na kumbukumbu hiyo waliwarithisha watoto wao fundisho moja: anayetaka kusikilizwa sharti aonekane.

Katikati ya miaka ya 1960, katika tambarare iliyo chini ya milima hiyo ya Upare, bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa chini ya makutano ya mito Kikuletwa na Ruvu, ambapo mto Pangani unaanzia, wavuvi kutoka sehemu nyingi walihamia kando ya maji na vijiji vipya vikakua mahali palipokuwa na watu wachache. Serikali iliwafikia wakazi hao kupitia balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa kiongozi wa ngazi ya chini kabisa, na baadaye kupitia mwenyekiti wa kitongoji na mkutano mkuu wa kijiji. Katika mkutano huo mzee aliomba nafasi, akasimama, akasema kwa Kiswahili au kwa Kipare, na mtendaji wa kijiji akaliandika neno lake katika muhtasari, hivyo hata asiyejua kusoma alikuwa na uhakika kwamba hoja yake imepokelewa na mtu anayemfahamu kwa jina.

Mabadiliko makubwa yalikuja kuanzia mwaka 2017, malipo ya serikali yalipoanza kuingizwa katika mfumo mmoja wa kielektroniki unaompa kila mlipaji namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na mwaka huohuo sheria iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyotengeneza mfumo wa e-Mrejesho ili mwananchi atume malalamiko, maoni, maulizo au pongezi akiwa popote. Kwa kubonyeza *152*00# hata mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, anaweza kupata baadhi ya huduma za serikali bila kuwa na intaneti. Wastaafu nao, ambao zamani walilazimika kufunga safari ili kuthibitisha kwamba bado wako hai, wamewekewa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma njia ya kujihakiki kwa simu janja.

Faida ya mageuzi hayo ni kubwa, kwa kuwa nauli ya kwenda mjini ni mzigo kwa mtu asiye na kipato cha uhakika. Hata hivyo, vidole vilivyovuta nyavu na kushika jembe kwa miaka mingi huwa vimesuguliwa kiasi kwamba mashine haisomi michirizi yake, na macho yaliyofifia hayamalizi kusoma orodha ya huduma kabla muda haujaisha na mzee kulazimika kuanza upya. Ndipo anapomkabidhi mjukuu simu na kumtajia namba ya siri, na kuanzia hapo mjukuu ndiye anayesoma, anayechagua na anayeamua kipi kitumwe. Jambo ambalo mzee angelisema mbele ya kijiji kizima sasa linapita katika mikono ya mtu mmoja, na likikosewa, mzee hana muhtasari wa kurejea.

Sensa ya Agosti 2022 ilionyesha njia nyingine. Kwa mara ya kwanza makarani walitumia vishikwambi, lakini walivipeleka mpaka nyumbani kwa watu, wakauliza kwa mdomo na kuandika wanachoambiwa, na hesabu iliyopatikana ilikuwa watu 61,741,120. Mzee hakutakiwa kujifunza kifaa ndipo ahesabiwe, kwa sababu aliyelipwa kukijua ndiye aliyemfuata.

Mbinu hiyo inafaa kuwa desturi ya kudumu. Watendaji wa vijiji vinavyozunguka bwawa watenge siku maalumu kila mwezi, wakae na mabaraza ya wazee wakiwa na kishikwambi, waingize hoja za wazee katika mifumo ya serikali mbele ya macho yao, wawasomee kilichoandikwa kabla hakijatumwa, na katika siku hiyo ya mwezi unaofuata wawaletee majibu. Serikali iliyojifunza kumfikia raia kwa mtandao isiache kumfikia kwa mtu, kwani mzee ana haki ya kujua neno lake limefika wapi na nani amelipokea.