Pumzi ya Mzamiaji

Mjomba wangu alikuwa mzamiaji wa kamba huko Kizingitini, kisiwani Pate, na maisha yake yote hakuvaa mtungi wa hewa. Kaskazi ilipotulia alitoka alfajiri na wenzake, miwani usoni, mkononi kijiti kilichofungwa pweza nchani. Kamba humwogopa mno pweza. Akiona mikono yake ikiingia pangoni hutoka mbio, na huko nje wavu unamngoja. Yote hayo hufanywa kwa pumzi moja. Sisi watoto tuliposhindana kukaa chini ya maji tulijaza hewa mpaka mashavu yakavimba, naye akitucheka. Yeye alielea kwanza, akipumua polepole kana kwamba hana haja na kamba, kisha akazama bila kishindo. Aliyekuwa na haraka au hasira alimwambia abaki chomboni.

Wala hakuzamia akiwa ameshiba. Alikunywa kahawa chungu, akala tende mbili tatu, na chakula kikamngoja arudi. Chakula chenyewe kilikuwa mkate wa mofa. Bibi aliukanda unga wa mtama, akauacha uchachuke, kisha akaubandika kwenye ukuta wa tanuri ya udongo mpaka ukafanya ganda la kahawia. Ulikuwa mkate mzito, wenye uchachu kidogo, na kwa mchuzi wa tafi ulitosha mpaka jioni. Tulinung'unika, tukitaka boflo la dukani kama watoto wa mjini.

Mtama huo bibi aliupata kwa shida. Wazee wake walikuwa wakivuka kwenda bara kulima mtama, mahindi na simsim, kama walivyofanya Wabajuni wengi wa visiwa hivi. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, vikawatoa huko. Vijiji vikaachwa na mashamba yakageuka vichaka. Unga wa ngano na sukari vikazidi kuja kwa magunia kutoka Mombasa. Siku hizi ni desturi kuwalaumu watalii na simu kwa kila jambo, lakini mofa ilianza kutoka siniani kwetu kabla ya hayo yote, nasi watoto tulisaidia kuitoa.

Mjini Amu, yaani Lamu, alikuwako ami yangu, nahodha wa mashua. Siku ya mashindano, upepo ukizidi, ubao hutokezwa upande wa upepo na mabaharia huukalia, miili yao ikining'inia juu ya maji ili chombo kisilale. Hakuna aliyewafundisha kwa kitabu misuli ya mgongo wala ya tumbo. Mmoja anashika demani ya tanga, wengine wanasogea nje au ndani kwa kufuata sauti ya nahodha, na anayechelewa anaoga. Mashindano hayo tungali nayo. Ila mwendo wa kila siku umepungua. Kati ya Amu na Shela, njia tuliyoitembea ufuoni maji yakiwa yametoka, sasa tunapanda boti ya injini, na nyuma ya mji pikipiki zimejaa. Chai ya sukari imebaki ileile, na hatua zilizokuwa zikiichoma hazipo. Katika nyumba yetu pekee kisukari kimewashika watu wa vizazi viwili.

Mwaka 2014 tamasha la yoga likaanza Lamu. Wageni walitandika mikeka yao mchangani, wakafundishwa kuvuta pumzi polepole na kula chakula chepesi. Mwaka huohuo, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni, ikaja amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wa usiku wakawa wanakaa barazani na nyavu zao kavu. Niliyaona mambo hayo mawili pamoja na sikuweza kuyatenganisha.

Hata hivyo sina ugomvi na yoga. Binti ya dada yangu huifanya sebuleni, mlango umefungwa, na maumivu yake ya kiuno yamepungua. Ninachokataa ni dhana kwamba elimu ya pumzi imetufikia kwa ndege. Tazama goma wakati wa Maulidi: wanaume wa kila umri, kanzu nyeupe, bakora mkononi, wanayumba taratibu katika safu moja muda mrefu, na mzee mwenye magoti mabovu anaegemea bakora yake akaendelea. Mpiga zumari ndiye hodari wa wote. Sauti yake haikatiki, kwa kuwa anavuta hewa kwa pua huku mashavu yakisukuma ile aliyokwisha kuiweka akiba. Nilijaribu nikiwa kijana, nikatoa mlio wa mbuzi.

Mjomba alikufa mzee, masikio yakiwa yameharibika kwa kuzamia. Kwa hiyo sisemi mwili wa zamani ulikuwa salama. Kazi ile ilikula watu. Lakini mofa na goma hazikumdhuru mtu. Wapiga zumari ninaowajua mimi ni wachache na karibu wote wamezeeka. Mwenye kijana nyumbani ampeleke kwa mmoja wao kabla ya Maulidi ijayo, na ampe mofa njiani.