Safari ya Masomo Penye Mlango wa Lukuga

Mtoto wa Kalemie akiulizwa Lukuga ni nini, hujibu upesi: «Ni mto utokao katika ziwa Tanganika na kuingia katika Lualaba.» Jibu ni sahihi, naye hupata alama zake zote. Lakini mwulizeni tena: «Kwa nini maji ya ziwa yaliingia nyumbani mwenu?» Hapo hunyamaza. Yaliyo katika daftari na yaliyo katika maisha yake hayajakutana bado. Kazi ya safari ya masomo ni kuyakutanisha.

Wahenga walisema: Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Neno hilo lamfaa msafiri, lakini halimtoshi mwalimu. Anayewaongoza watoto arobaini juani asitegemee bahati ya kuokota. Kwa hiyo sisi walimu tulitangulia wenyewe, juma moja kabla ya siku ile. Tulipima mwendo kwa miguu, tukatafuta penye kivuli, tukaomba ruhusa kwa wakubwa wa mahali, tukampigia hodi mzee mmoja mvuvi na kumweleza haja yetu. Wazazi tuliwaomba chakula cha mchana na maji yaliyochemshwa tu, si fedha. Maana safari inayomwacha mtoto wa maskini nyumbani si safari ya darasa. Watoto tuliwagawa kumi kumi, kila kikundi na mwangalizi wake. Kupanda mtumbwi tulikukataza kabisa. Ziwa hili limewameza watu wengi katika vyombo vilivyojaa kupita kiasi, wala hakuna somo linalostahili roho ya mtoto.

Mwisho tuliwapa swali moja, waliandike juu ya ukurasa mweupe: Maji ya ziwa huenda wapi?

Asubuhi tulisimama penye mlango wa mto. Ziwa lina urefu upatao kilometa 670, na vilindi vyake hufika karibu meta 1470. Mito mingi huingia humo, kama Ruzizi na Malagarasi, lakini mmoja tu hutoka, nao ni huu uliokuwa mbele yetu. Watoto walishangaa kuuona si mkubwa kama walivyodhani. Tukawaeleza kwamba wasafiri wa zamani walishangaa vilevile. Cameron alifika hapa mwaka 1874, akasema ndipo ziwa linapotokea. Stanley alipokuja mwaka 1876 alikuta matete na matope yameziba, na maji karibu yamesimama. Baada ya miaka michache kizuizi kilivunjika, na mwaka 1879 Hore aliona maji yakienda kwa nguvu. Mlango ukizibwa, ziwa hupanda, ukifunguka, hushuka.

Ndipo mzee alipoanza kufundisha. Aliwauliza watoto kwanza majina ya babu zao, kisha akawaongoza polepole mbali na ukingo, hata akasimama kati ya nyumba za watu. Akachoma fimbo yake chini, akasema: «Nilipokuwa kijana, mwaka 1964, maji yalifika hapa.» Watoto wakatazama ukuta uliokuwa karibu. Palikuwa na alama ya maji juu yake, iliyoachwa na mafuriko ya miaka hii, maana mwaka 2020 na tena mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba nyingi za Kalemie. Wakapima kwa kamba toka fimbo hata ukuta: hatua chache tu. Msichana mmoja akauliza: «Babu, mbona hamkutuambia?» Mzee akajibu: «Mjukuu wangu, hakuna aliyekuja kuuliza.»

Neno hilo lilituchoma sisi walimu na wazazi wote. Elimu hiyo ilikuwako miaka yote, katika kichwa cha mzee anayekaa nasi mtaa mmoja, na watu wakajenga palepale.

Kutoka hapo tulikwenda pwani, wavuvi walipokuwa wakianika ndakala. Mvulana mmoja akataka kujua kwa nini hawavui mwezi ukiwa mpevu. Wakamwonyesha taa zao: usiku wa giza samaki huufuata mwanga wa taa, lakini mbalamwezi ikienea majini, taa haina nguvu tena. Tulifurahi, kwa kuwa swali hilo halikutoka kwetu.

Kesho yake darasani kazi ilikuwa bado kubwa. Tuliweka mabeseni mawili ya maji yaliyo sawa, moja limefunikwa, moja wazi juani, tukapima kwa rula siku tatu. Lile la wazi likapungua. Hivyo wakafahamu jibu la swali lao: sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa hupanda angani kwa nguvu ya jua, na kidogo tu hupita Lukuga kwenda Lualaba, karibu na Kabalo, hata mto Kongo na bahari. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka mfululizo, mlango huo mdogo hauwezi kuyatoa yote upesi. Kisha kila mtoto alichora ramani ya mtaa wake na mstari wa mzee juu yake, akaipeleka nyumbani kwa baba na mama.

Walimu wenzetu wa Moba, wa Uvira, wa Kabalo, msiseme hamna vyombo vya kufundishia. Mnao mto, reli, soko, fundi wa matofali, mkunga na mzee wa mtaa. Tangulieni ninyi kwanza, chagueni swali moja, lindeni watoto, na mkirudi fanyeni kazi ya kile mlichokiona. Nanyi wazazi, mtoto akileta ramani yake jioni, msiiweke kando. Ikalieni pamoja, mkaulizane nyumba yenu iko upande gani wa mstari.