Mpango wa Rafu

Kiserian ni mji wa Kaunti ya Kajiado, uliokaa chini ya milima ya Ngong, kando ya barabara iendayo Magadi. Maduka yake mengi ni madogo. Aghalabu mnunuzi haingii ndani. Husimama nje ya dirisha lenye wavu wa chuma, akataja haja yake, akapewa. Katika duka moja la namna hii, mali ya shangazi yangu, nilifanya kazi wakati wa likizo. Huko nilijifunza kuwa kupanga bidhaa ni kazi ya akili kama ilivyo hesabu.

Rafu ni shamba la mwenye duka. Shamba likiwa dogo, mkulima hapandi kila mbegu aipendayo. Kila Jumamosi jioni shangazi alipitia daftari lake la mauzo. Kitu kilichouzwa kila siku alikiweka karibu na mkono: sukari, unga, chumvi na viberiti. Kilichouzwa mara moja kwa mwezi alikipeleka juu. Kisichouzwa hakukinunua tena, kwa sababu fedha iliyolala rafuni haiwezi kununua unga wa kesho. Mkate ulikaa karibu na maziwa, maana ajaye kutafuta kimoja huenda akakumbuka cha pili. Sabuni ilitengwa na majani ya chai, yasije yakashika harufu yake. Mali mpya iliwekwa nyuma ya ile ya zamani, ili iliyotangulia kuja itangulie kutoka.

Desturi ya mnunuzi kungoja kupewa ilikuwa imeenea hata katika nchi kubwa. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly, ambamo mnunuzi alipita kati ya rafu akajichukulia mwenyewe. Katika maduka ya namna hiyo, kitu kilicho mbele ya macho huchukuliwa upesi kuliko kilicho miguuni. Dirishani kwa shangazi mkono ulikuwa wa muuzaji, lakini jicho lilikuwa la mnunuzi. Na jicho huomba kabla ya ulimi.

Hapo ndipo penye jaribu. Siku moja muuzaji wa jumla alimletea shangazi sanduku la kioo la kuwekea peremende. Lilikuwa la bure, kwa sharti likae chini ya dirisha, mahali yafikapo macho ya mtoto. Faida ilikuwa wazi, na karo ya binamu yangu ilikuwa haijatimia. Shangazi alifikiri usiku kucha, kisha akalirudisha. Aliniambia, "Mwanangu, mtoto aliyetumwa chumvi ameshika fedha ya mama yake. Nikimtega yeye, nimemtega aliyemtuma." Peremende zikabaki rafu ya juu, penseli na madaftari yakakaa usawa wa mtoto. Karo ililipwa kidogo kidogo, kwa taabu. Lakini akina mama waliendelea kutuma watoto wao kwake bila hofu.

Siku hizi mashine nazo huuza. Jambo hili si geni: katika karne ya kwanza, Heron wa Aleksandria alieleza chombo kilichotoa maji ya hekaluni kwa kipimo baada ya kutiwa sarafu. Katika miji ya Kenya ziko mashine za maziwa; mtu hulipa shilingi alizo nazo, akakinga maziwa ya kadiri hiyo. Ziko pia za vinywaji na biskuti. Azijazaye hufuata kanuni zile zile za shangazi: cha zamani hukaa mbele, kipendwacho hukaa usawa wa macho. Chupa nzito huziweka chini, zisianguke kutoka mbali. Lakini mashine haimjui mtoto wa jirani. Haiwezi kumwuliza, "Umetumwa nini?" Swali hilo sharti aliulize mapema yule aipangaye.

Baadhi yenu msomao ukurasa huu mtakuwa na maduka, na wengine mtajaza mashine. Hesabu mtafundishwa na daftari la mauzo. Lakini kabla ya kuweka kitu mbele ya macho ya mtu, jiulizeni fedha iliyo mkononi mwake ilikusudiwa nini.