Uzee na Askari wa Mwili

Bibi yangu alipokuwa na umri wa miaka 80, mafua yaliyonishika mimi siku 3 yalimlaza yeye mwezi mzima. Nami, kwa ujinga, nikadhani anadeka. Baadaye shuleni nilisoma kuwa chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Ndani ya kila askari mna meko madogo yaitwayo mitokondria, yachomayo sukari na mafuta ili apate nguvu. Umri ukisonga, meko huchakaa, mafuta yasiyochomwa hulimbikana, na askari hupigana kwa uchovu. Mwendo wa miguu huyachochea na kuyaongeza. Tangu hapo, kila jioni nilimshika Bibi mkono, tukatembea polepole hadi kisimani. Msomaji, usimdhihaki mzee auguapo. Vita vyake ni vizito kuliko vyako.